Gramu Nne za Unga Mweupe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya shule moja hapa Bujumbura, Mkurugenzi alinikuta nikifuta vumbi.

"Mademoiselle Zaina, watoto wanasoma namba ku tableau, hawaone kitu. Leo munioneshe hesabu yenu ni ya kweli. Mukishindwa, hii chumba nafanya depo ya viti."

Nilikuwa mtayarishaji, yaani mtu wa kupanga vifaa kabla ya somo. Maabara ikifungwa, nami sina kazi.

Profesa wa kemia, Mkongomani wa Uvira, akaandika ubaoni: gramu ishirini na nne za magnesi zikiungua hukamata kumi na sita za oksijeni, zikatoa arobaini za unga mweupe. Sisi tulikuwa na mbili nukta nne za magnesi. Basi tungojee nne.

Mkurugenzi akacheka. "Kitu kinaungua, kinaongezeka? Mi mkaa yangu inabakiaka majivu tu!"

"Ya mkaa inaruka na hewa, Monsieur le Directeur," Profesa akamjibu. "Hii itabakia ndani."

Niliweka magnesi katika kibakuli cha kaure kisichopasuka motoni. Moshi wake ni unga uleule, ukitoroka uzito unapotea, kwa hiyo nikakandamiza kifuniko barabara. Nikakichoma, kikapoa, mizani ikasoma tatu tu. Mkurugenzi akaanza kupima ukuta kwa hatua, kwa ajili ya viti vyake.

Profesa akaninong'oneza, "Zaina, we unapika pilau ao unachoma metali?"

Nililowa jasho la aibu. Sisi wa mtaa wa Buyenzi tumelelewa kutofunua sufuria kabla ya wakati wake, na mimi nilikuwa nimeifungia oksijeni nje. Nikarudisha kibakuli motoni. Nikawa nainua kifuniko kidogo, nafunika, nainua tena, mpaka ndani pakaacha kung'aa. Kilipopoa nikapima. Nne.

Mkurugenzi akavua miwani, akainama mizanini.

"Ile iliongezeka yote ni hewa?"

"Ni hewa, Monsieur le Directeur. Gramu moja nukta sita," nikamjibu.

Akavaa tena miwani. "Bakia na chumba yako," akasema.

Baadaye nilihamishiwa shule ya Carama, kisha ya Ruziba, chini ya wakurugenzi wakali na wapole. Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama sikuchoka kupima kitu kilekile miaka yote. Sikuchoka hata siku moja. Kila ilipotimia nne mwili ulinisisimka, maana kitu nilichokivuta puani tangu kuzaliwa bila kukiona kilikuwa kimekaa mbele yangu, cheupe, na ningeweza kukigusa kwa kidole.