Chepkirui, sungura aliyetii mno

Saa tano asubuhi, Arlington, Virginia. Abigail Chepkirui amepiga goti sakafuni anamvalisha soksi Mzee Ethan, askari mstaafu wa miaka themanini na moja ambaye tangu Jumatatu anadai soksi zote za nyumba hii zinambana. Anamwinua, anamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, anamfunika miguu. Kisha, uji ukiwa unapoa, anasimama kwa ncha za vidole na kuanza kupanda na kushuka, mara hamsini.

"Kila siku mzee ananiuliza kama nataka choo," anasema akicheka.

Ni mazoezi ya miguu. Chepkirui, 22, ni mkimbiaji wa mita 1,500, na ni Mwingereza. Alizaliwa Coventry, akalelewa na nyanya yake Bomet, Kenya, hadi alipofika miaka kumi na miwili, akarudi Coventry. Mwaka 1996 alihamia huku na mama yake, muuguzi. Kwa kutunza wazee analipwa dola saba na nusu kwa saa.

Anachotaka ni kimoja tu: kuvaa fulana ya timu ya Uingereza ya chini ya miaka 23. Mwakani umri utakuwa umempita. Ni mwaka huu wa 1999 au basi. Kinachouma ni kwamba mwaka jana alikuwa ameshaishika fulana hiyo, akaiachia mwenyewe. Hakuna aliyemnyang'anya.

Ilikuwa Juni, kwenye uwanja mmoja wa Virginia. Waandaaji walimwajiri awe sungura, yaani mtu anayelipwa kuongoza kwa kasi iliyopangwa, kisha anatoka ili wengine wamalize. Kazi yake iliishia mita 1,000. Lakini kanuni za mbio zile hazikumzuia sungura kuendelea akijisikia, na muda wake ungehesabiwa kama wa mwingine yeyote.

Miongoni mwa waliokuwa nyuma yake alikuwemo Aketch, mama wa Kisumu mwenye miaka 34, mpishi wa hospitali. Kila Jumamosi kwa miaka miwili Aketch alimfundisha kukimbia kule Riverdale Park, kisha akampeleka nyumbani akamlisha. Siku hiyo Aketch naye alikuwa anatafuta muda wa kuitwa kwenye majaribio ya timu ya Kenya. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Mita 1,000 zilimkuta Chepkirui mbele kwa hatua ishirini. Saa ilisoma dakika mbili na sekunde arobaini na saba. Waingereza walitaka dakika nne na sekunde kumi na nne, na kwa mwendo ule angezipata. Miguu ilikuwa myepesi. Kando ya uwanja kocha wake Gregori, Mtanzania anayeosha vyombo hotelini, alikuwa anapasuka koo: "Nenda, binti! Usitoke! Nenda!"

Akatoka.

"Nilimsikia vizuri sana," anasema. "Lakini nilijua auntie Aketch yuko nyuma. Huyu mtu amenifunza, nimekula kwake. Kwetu huwezi kumpita aliyekushika mkono, tena mbele ya watu. Nikaona ni kukosa adabu. Nikasimama pembeni, nikampigia makofi."

Jamani! Makofi!

Wahenga walisema wema hauozi. Huu uliota ukungu kabla ya mbio kwisha. Sungura alipotoka, wanawake waliobaki wakaanza kutegeana, kila mmoja akimwachia mwenzake akate upepo. Mwendo ukafa. Aketch alimaliza wa nne, kwa dakika nne na sekunde ishirini na moja, muda usiomfaa kitu.

Nilimkuta nyumbani kwake, ameshastaafu mbio. Bado ana hasira.

"Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wake kwa macho," anasema. "Alipotoka, nikabaki sina cha kufukuza. Nilimuuliza, Chep, nani alikutuma unihurumie? Miezi miwili sikuongea na yeye. Nilimpenda, ndiyo maana."

Gregori anatikisa kichwa tu. "Uwanjani hakuna shikamoo," anasema. "Nilimwambia mengi, hilo nikasahau."

Mwezi huu waandaaji walewale walimpigia simu Chepkirui. Wanamtaka tena, awe sungura. Akaomba apewe nafasi ya mshindani. Wakafungua orodha ya majina, wakamwambia muda wake bora ni dakika nne na sekunde ishirini na tatu, hautoshi.

"Ile siku nilikimbia vizuri kuliko siku zote," anasema. "Kwenye karatasi wameandika 'hakumaliza'. Basi. Na ni kweli, sikumaliza."

Anageuka kumlisha Mzee Ethan uji, kijiko kwa kijiko.

Jumamosi ijayo kuna mbio ndogo kwenye uwanja wa shule huko Springfield, za wanawake wa klabu za mtaa, wengi wakiwa wanapunguza uzito. Saa itakuwepo na muda utatambuliwa Uingereza. Hakutakuwa na wa kumkatia upepo. Aketch ameahidi kuja, kwa sharti kwamba Chepkirui asimsalimie hadi amalize.

Namuuliza kama yuko tayari.

"Naogopa," anasema. "Mita elfu moja nazijua. Zile mia tano za mwisho, kwa mwendo ule, sijawahi kufika. Sijui kuna nini huko."