Besi Yangu Siku ya Kumuaga Wanjala

Siku yangu ya kwanza kazini sikupiga wimbo wowote. Kapteni, ndivyo tulivyomwita kiongozi wa bendi yetu ya matanga pale kituo cha Kawangware 56, Nairobi, alinikabidhi besi, ile tarumbeta kubwa kuliko zote inayokumbatiwa kifuani. Akanipeleka nyuma ya duka la hardware, kwenye mabati na mapipa ya rangi, akaniambia nipulize noti moja tu. Nikapuliza mpaka machozi yakanitoka.

"Unatumia mashavu," akasema. "Shusha pumzi tumboni. Na usiwaze kitu."

"Sasa nifanye nini na kichwa?"

"Sikiliza hiyo noti."

Zoezi hilo tuliliita noti ndefu. Kila asubuhi unavuta hewa mpaka mshipi unabana, kisha unaiachilia polepole kwa sauti moja isiyotikisika. Wenzangu waliona ni adhabu. Mimi nilikuwa natoka mtaani kwetu Kambi Muru na makelele ya ploti nzima ya vyumba vya kupanga kichwani, na katikati ya noti yale makelele yalinyamaza. Sikuwa naomba, sikuwa nimelala. Nilikuwepo tu. Nyinyi vijana siku hizi mnafundishwa kutuliza akili hivyo na simu. Sisi tulilipata kazini, tukiwa na sare nyekundu.

Kazi yetu ilikuwa kutangulia jeneza. Tarumbeta ndogo huwa na haraka, na besi ndiyo huzirudisha kwenye mwendo, kwa hivyo mpiga besi halii. Akilia pumzi inakatika, na waliobeba jeneza wanapoteza hatua.

Kisha mume wangu, Wanjala, fundi wa kuchomelea vyuma, akaugua ghafla akafia hospitalini. Kabla ya kumsafirisha kwao magharibi, mwili uliletwa uwanjani Kambi Muru majirani wamuage. Bendi yangu ikaja kupiga. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye mkeka, wanawake wawili wamenishika mikono kana kwamba ningetoroka, wote wakingoja nilie. Kilio hakikuja. Hata hewa haikuja. Kifua kilikuwa kimefungwa kabisa.

Nikajinasua, nikasimama. Shemeji yangu mkubwa, kaka yake Wanjala, akanizuia.

"Unaenda wapi?"

"Kazini."

"Mjane hapigi muziki! Unataka watu waseme unasherehekea?"

"Waseme."

Kapteni naye alijaribu kunirudisha. "Mama Nekesa, leo wewe ndiye mfiwa. Kaa chini."

"Nikikaa pale nitakufa, Kapteni. Nipe besi."

Akanivisha mkanda wa besi begani.

Sikuanza na wimbo. Nilipuliza noti ndefu. Ya kwanza ilitoka imepasuka, watu wakaguna. Nikavuta hewa nyingine, chini kabisa, na hiyo ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitalini nilisikia dunia tena: mabati yakilia kwa jua, mtoto akikohoa, shemeji akinilaani. Nikalitazama jeneza. Wanjala alikuwa amekufa, na niliweza kulijua hilo bila kuanguka. Bendi ikaingia nyuma yangu, nasi tukamsindikiza mpaka kwenye gari.

Safari nzima wakwe hawakunisemesha. Baada ya mazishi shemeji alikuja Kawangware kudai nifukuzwe. Kapteni akamjibu mbele yangu, "Nikimfukuza huyu, nani atashika mwendo?" Wateja wengine walituhama, wakisema tumefuga mwanamke asiye na haya. Nilisikia hayo yote, na kesho yake nikaripoti kazini.

Miaka mingi baadaye, meno ndiyo yaliyonistaafisha. Besi inahitaji meno ya mbele ya kuegemeza midomo, na yangu yalianza kulegea. Kapteni, mwenyewe akiwa mzee wa mkongojo, aliniaga kwa kunipa ile besi, na vali yake moja, kile kitufe cha kubadilishia noti, iliyozoea kukwama.

Ninaipuliza kila asubuhi mlangoni kwangu, hewa ikivuja kwenye mapengo. Majuzi jirani yangu, msichana wa saluni wa umri wa mjukuu wangu, alitoa kichwa dirishani.

"Shosho, si upige hata wimbo mmoja tunaoujua? Hii ni noti moja tangu nihamie!"

"Wimbo ni wa kazi, na kazi nilimaliza. Hii ni yangu."

"Na ikitusumbua?"

"Wekeni pamba masikioni," nikamwambia, nikavuta pumzi.