Kipandio cha Tisa

Shangazi yangu anatembeza wageni mjini kwa miguu. Wenzake humwita Redio, maana akianza hazimiki, na kwa miaka kumi na tisa amepita njia zilezile kama mtu anayezipita mara ya kwanza. Wageni wengi hufika na orodha: mnara, daraja, makumbusho, picha, basi. Yeye huwaanzishia nyuma ya jengo la posta, kwenye mlango wa kuingizia magunia, awaoneshe kizingiti kilivyolika katikati kama kipande cha sabuni.

"Kule mbele ni pa kupigia picha," husema. "Huku ndiko watu walikopita."

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mtihani. Kila miaka mitano mtembezaji hukaguliwa upya: mkaguzi wa ofisi ya jiji hufuata nyuma na kijitabu cha jiji mkononi, akisikiliza na kuweka alama ya vema kila maelezo yanapolingana na yaliyoandikwa humo. Ukishindwa unarudisha beji, na bila beji kazi hakuna. Kanuni inataka wageni sita. Walikuja watano.

"Vaa viatu," Shangazi aliniambia. "Leo wewe si mtoto wa kaka yangu. Ni mgeni, umetoka mbali."

"Mbali wapi?"

"Si ndiyo hayo! Usiniulize kitu leo, mama, nakuomba. Wewe ukishika swali huachi."

Nikaahidi. Haki ya nani, nilikuwa na nia nzuri.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kwenye uchochoro wa wachapaji alituambia tuweke viganja ukutani, tukasikia mitambo ikitetemeka ndani kama paka anayekoroma. Kwenye ua wa madobi alituonesha jinsi ya kujua shuka ya hoteli na shuka ya nyumbani kwa kuangalia pindo tu. Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye kalamu iliyoning'inia shingoni kwa kamba, aliweka vema, vema, vema.

Kisha tukafika kwenye ngazi za mawe zinazopanda kutoka sokoni. Vipandio arobaini na kimoja. Cha tisa kimeinuka kuliko vingine kwa vidole viwili, na kila mgeni hujikwaa hapo. Safari hii alikuwa mzee mwenye kofia ya majani.

"Karibu mjini!" Shangazi akamwambia, watu wakacheka. Halafu akaeleza: mwashi alikiinua makusudi, ili mwizi anayekimbia kutoka sokoni aanguke na mlinzi amsikie.

Vema. Wageni wakatikisa vichwa kwa raha. Mimi nikaanza kuwashwa kichwani. Mwizi si mtu wa hapahapa? Si angekizoea, kama sisi tulivyokizoea?

"Na nani alimwuliza huyo mwashi?" nikasikia mdomo wangu ukisema. "Tumejuaje?"

Shangazi alinitazama. Nilitamani jiwe linimeze. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, muda mrefu.

"Ukurasa wa kumi na nne," mkaguzi akamnong'oneza, kwa wema kabisa. "Sema tu kama ulivyo."

"Naujua. Maneno hayo nimeyatunga mimi."

"Vipi?"

"Wiki yangu ya pili kazini, mgeni aliniuliza. Niliona aibu kusema sijui, nikatunga mwizi. Mwenzangu akampenda huyo mwizi, akamchukua. Mwingine akaongeza mlinzi. Nilipokuja kushtuka, wameshachapwa kijitabuni wote wawili."

"Kumbe nimejikwaa bure!" akasema mzee wa kofia.

Mkaguzi hakucheka. Akamsogelea Shangazi. "Dada yangu, vema nimeshaweka. Endelea mbele. Mimi sijasikia kitu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Hatua moja mpaka kipandio cha kumi, na beji ingebaki kifuani kwake miaka mitano mingine. Nilikuwa nikimwomba kimoyomoyo: panda, Shangazi, panda.

"Umesikia," alimjibu. "Na huyu ameuliza, hajajibiwa." Akanigeukia. "Sijui, binti. Sijui kwa nini kiko juu."

Mkaguzi aliikata ile vema polepole, kama anayemkata mtu nywele. Akanyoosha mkono. Shangazi akafungua pini, akampa beji.

"Mwezi mmoja, utaitwa tena. Mtihani uleule."

"Kijitabu kilekile?"

"Kilekile."

"Basi na jibu langu litakuwa lilelile."

Nilidhani wageni wangeondoka. Hawakuondoka. Mzee wa kofia alikuwa ameshapiga magoti, anakwaruza kiungo cha mawe kwa ufunguo. "Jiwe hili rangi yake siyo," alisema. "Njooni muone." Mama mmoja akashuka hadi chini kuhesabu upya, kisije kikawa si cha tisa. Wawili wakapanda kumwuliza fundi viatu aliyekaa pembeni kama aliwahi kuona matengenezo, na fundi akaanza kubishana nao kwa furaha. Mkaguzi, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha, alisimama na kijitabu kimefungwa, anawasikiliza.

Nilimsogelea Shangazi. "Nimekuharibia."

"Nyamaza kwanza," alisema, lakini hakuwa ananitazama. Alikuwa anawatazama wao. Kisha akakunja sketi yake, akapiga magoti karibu na mzee wa kofia.

"Nipishe kidogo, baba," akamwambia. "Nami nione."