Kitabu cha Korosho Alichokisaka Walburga

Kama kuna mtu Songea nzima anayeweza kurukaruka kwa furaha kwa sababu ya orodha ya marejeo, basi ni Walburga, mkutubi wa chuo kimoja cha kilimo pale Mjimwema. Miaka kumi na minane amewafundisha wanachuo kutaja walikoyatoa maneno yao, na bado kila muhula huanza somo kama mtu anayetangaza mpira redioni. Huja na vibuyu vya mbegu kutoka kwao Peramiho. Kwa mama yake, mbegu huitwa kwa jina la aliyeitoa: haya maharage ya Suzana, yale mahindi ya Kajetani, na ole wake atakayesema "maharage yangu" mama huyo akisikia.

"Na maneno ni hivyo hivyo," huwaambia. "Ukichukua, mtaje mwenyewe. Usipomtaja, umeiba!"

Wengine hucheka, wengine husinzia, wachache hushika.

Mwaka huu ikamfikia mezani ripoti ya Daimu, kijana wa Tunduru aliyelelewa na bibi yake kwenye mikorosho. Kazi ya Walburga ilikuwa kukagua marejeo tu, lakini alipofika ukurasa wa nane akasimama wima. Humo mlielezwa namna ya kuitambua korosho iliyokauka sawasawa: unaimimina chini, unasikiliza mlio wake. Siku ya kwanza inalia hivi, siku ya tatu vile, na kuna mlio unaodanganya asubuhi yenye umande. Chini yake kimetajwa kitabu, *Siri za Korosho*, cha Abdulswamadu.

Walburga akapagawa. Kitabu kitamu namna hii, na kwenye maktaba yake hakimo! Siku tatu mfululizo akapiga simu: kwa wauza vitabu wa Dar es Salaam, kwa mkutubi mwenzake wa Mtwara, hata kwa binamu yake mwenye duka la daftari. Hakuna aliyekijua. Siku ya nne, akisonga ugali kwake Lizaboni, mwiko ukamponyoka. Kumbe kitabu hicho hakikuwahi kuandikwa!

Asubuhi akamwita Daimu maktaba.

"Abdulswamadu ni nani?"

"Ni... tunakaa naye chumba kimoja, madamu."

Walburga nusura acheke, ila alitazama saa. Ilikuwa tatu na robo. Saa nne Mwalimu Gaspari, mkuu wa mitihani, angefunga orodha ya wanaorudishwa nyumbani, na aliyeghushi chanzo hakuwa na pa kupenya. Jina la Daimu likiingia humo, chuo kwake basi.

"Maneno uliyatoa wapi?"

"Kwa bibi yangu, Bibi Ashura. Lakini hajui kusoma, madamu. Nikadhani chanzo lazima kiwe kitabu, nikamtafutia kitabu."

Walburga aliona aibu, aibu ya kweli. Miaka yote hiyo ya kubeba vibuyu, na hakuwahi kuwaambia kwamba Suzana na Kajetani nao hawajaandika kitabu. Akamshika Daimu mkono, wakapanda ngazi mbio, mkoba wake ukimgonga kiunoni.

"Mama Noela," Mwalimu Gaspari alimwambia Walburga bila kuinua macho, "kosa ni kosa. Ameghushi."

"Ameghushi, sikatai. Mwadhibu. Lakini msikilize kwanza mwenye maneno!"

Bibi Ashura akapigiwa, simu ikawekwa kwenye spika. Daimu akaamriwa afunge mdomo, na Gaspari akauliza mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima. Bibi, korosho iliyokauka unaijuaje?"

Bibi Ashura hakuhitaji kuombwa mara mbili. Siku ya kwanza inalia hivi, siku ya tatu vile. Kidole cha Gaspari kilishuka polepole kwenye ukurasa wa nane, mstari baada ya mstari, hadi kwenye umande. Walburga alitamani kupiga vigelegele.

"Bibi," alidakia, "tunataka tuandike jina lako hapa, kwamba elimu hii ni yako!"

"Msiandike hivyo," bibi akasema. "Si yangu. Alinifundisha Zuhra, mke mwenzangu, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyekuwa na sikio. Mimi niliongeza hilo la umande tu. Mwandikeni yeye kwanza, mimi mniweke kwenye umande. Nikichukua yote, siku tukikutana mbele ya haki nitamwambia nini?"

Gaspari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaisogeza orodha yake kando.

"Barua ya onyo utaipata," alimwambia Daimu. "Na ripoti utaiandika upya kwa siku saba. Ukighushi tena, sitapiga simu kwa mtu." Akamsukumia kalamu na karatasi. "Uliza jina kamili."

Daimu akainamia simu. "Bibi, Zuhra binti nani?"

"Zuhra binti Muhsini. Andika taratibu, mjukuu wangu, usikosee. Hajawahi kuandikwa popote."