Kuku wa Mguu wa Kushoto

Mume wangu alivunjika mguu wa kushoto akicheza mpira hapa Nchelenge, kando ya ziwa, kwenye uwanja ulio nyuma ya vichanja vya samaki. Mguu wa pili uliovunjika siku hiyo ulikuwa wa kuku wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Federesheni ya wakoloni, na sisi tulikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Mume wangu alijifunza mpira kule migodini, akarudi na viatu vya njumu ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, hata mimi. Alicheza winga. Katika mazoezi, beki wa timu yetu wenyewe akamwingilia mguuni, na sisi tuliokuwa tukigeuza samaki tukasikia mfupa. Walimleta nyumbani juu ya wavu uliofungwa kwenye makasia mawili. Njia nzima aliuliza nani ameshika viatu.

Mganga wa mifupa alikuwa mzee kutoka ng'ambo, upande wa Kongo. Kibemba chake kilikuwa kibovu na Kiswahili changu kilikuwa cha kuuzia samaki, tukakutana katikati. Alinyoosha mfupa, akaufunga kwa magome ya mti, kisha akauliza, "Kuku iko wapi?"

Kwetu mtu akivunjika mguu, kuku naye huvunjwa mguu uleule, hufungwa dawa ileile, na hulala ndani na mgonjwa. Siku kuku atakapokanyaga chini, mtu naye anakanyaga. Desturi niliijua. Nilikuwa na jogoo mzee asiye na faida kwa mtu yeyote, nikamsogeza mbele.

Mganga akamtazama jogoo, akamtazama mume wangu. "Huyu mutu iko kijana. Unataka atembee sawa huyu muzee?"

Akamchukua mwekundu wangu, yule anayetaga kila siku, akamvunja. Nililia sana. Majirani walinisifu kwa kumpenda mume.

Katekista alikuja kutuombea. Akamwona kuku kwenye mkeka na mguu wake uliofungwa, akafumba macho, akaomba sala ndefu bila kumtaja.

Basi nikawa na wagonjwa wawili. Kuku hakunisumbua. Mume wangu alimtazama kuku kutwa. Kuku akikataa mtama, yeye alikataa ugali. Kuku akilala, naye alilala. Nikimwambia, "Jinyooshe basi, keti hata kidogo," alinijibu, "Yeye ameketi?" Mtu aliyekuwa akikimbia pwani kila asubuhi kabla jua halijatoka! Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kuna siku nilitoka nje nikaipiga teke ndoo.

Lakini nilikuwa na hofu pia, na hofu hiyo ilikuwa na sura. Karibu na gati aliishi mchonga makasia, mtu wa makamo, peke yake. Alivunjika mguu zamani, na kuku wake akafa kabla ya kupona. Yeye naye akabaki ameketi. Mguu ulikuwa mzima, kila mtu aliuona, umenyooka kabisa, lakini miaka kumi alikuwa kwenye kigoda chake, akijiburuta kwa mikono kwenda kulala. Kila nilipopita pale niligeuza uso.

Juma la tatu, mume wangu akiwa usingizini mchana, nilimtoa kuku nje aote jua. Nilikwenda kuteka maji. Niliporudi, mbwa wa jirani alikuwa naye mdomoni.

Nilimnyang'anya. Alikuwa amekwisha kufa. Ee Mungu wangu! Nikakaa palepale mchangani na kuku mapajani. Sikumlilia kuku safari hii. Nilimwona mume wangu kwenye kigoda, akichonga makasia.

Halafu nikainuka. Nikafungua yale magome kwenye mguu wa kuku, nikayatia kwenye nguo, nikabeba kikapu cha samaki wakavu, nikaenda mbio hadi gatini. Mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga ilikuwa imefika. Mwanamke mmoja mchuuzi, mtu wa Kongo, alikuwa na tenga la kuku, na ndani yake mwekundu mmoja.

"Unaenda kumupika?" akauliza.

"Hapana. Naenda kumufunga muguu."

"Muguu yake iko muzima, mama."

"Njo maana namutaka muzima."

Akachukua samaki wote, kikapu pia, kwa kuniona vile nilivyohangaika.

Mume wangu alipoamka, kuku alikuwa mkekani amefungwa magome. Jioni nilimpa mchuzi wa kuku. Akaula wote, akasema mchuzi wa namna hii unajenga mifupa. Aliuliza kuku huyu wa mchuzi ametoka wapi. Nikasema kwa jirani, na kidogo ilikuwa kweli.

Huyu mgeni hakuwa na adabu ya ugonjwa. Alikuwa mzima na amefungwa, akapiga kelele usiku na mchana, akajirusha, akala kila kilichowekwa mbele yake.

"Leo kuku ana nguvu," mume wangu akasema.

"Anapona," nikasema.

Siku hiyohiyo aliketi. Kesho yake aliomba ugali wa pili. Baada ya siku kumi mganga alituma neno kwamba wakati umefika, nikamfungua kuku mbele ya mume wangu. Wee! Kuku alitoka mlangoni kwa mbio, akazunguka nyumba, akaruka juu ya kichanja. Mume wangu alimfuata kwa macho. Akashika mwimo wa mlango, akasimama, jasho likamtiririka, akaweka mguu chini.

Mfupa wenyewe haukuwa na haraka kama kuku, hilo lilionekana. Mguu ulikuwa umekonda, goti halikunjiki. Hapo nikawa mwalimu wa mazoezi, kazi ambayo sikuiomba. Nilimpeleka ziwani pale wanawake wanapofulia, maana penye kelele mamba hawaji. Alitembea majini hadi kiunoni, kutoka jiwe la kwanza hadi mtumbwi wa mwisho, na kurudi, mimi nikihesabu kwa sauti. Wanawake walimtania, wakamuuliza kama amekuja kufua. Siku za kwanza alikwenda mara mbili. Kisha mara tano, kisha ishirini. Nyumbani alisimama kwa mguu mmoja akishona nyavu. Aliposema inauma, nilimwuliza kama amemsikia kuku akilalamika.

Kabla ya Krismasi alikuwa anasukuma mtumbwi mchangani peke yake. Lakini hakukimbia. Alisema anangoja siku yenyewe.

Siku ya Krismasi timu ya Chisenga ilikuja na mitumbwi minne. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ni matope matupu. Walimwingiza kipindi cha pili. Kwa muda mrefu aliukwepa mpira, akauacha upite, watu wakaanza kunung'unika, nami nikawajibu vibaya. Kisha ukamwangukia miguuni, akalazimika kwenda nao. Alikimbia! Beki la Chisenga, jitu zima, likamjia upande uleule wa kushoto, wote wawili wakaanguka.

Nilifumba macho. Nilipoyafungua alikuwa amesimama, anajifuta matope, na anagombana na refa.

Tulifungwa tatu bila. Nililia kuliko siku ile ya kuku, na sasa majirani walisema nimeumia kwa ajili ya timu.

Jioni mganga alikuja kumchukua kuku, kwa kuwa mgonjwa akipona kuku huwa wa mganga. Nikamletea. Akamshika mguu wa kushoto, akaupapasa kwa kidole gumba, juu hadi chini. Akarudia. Mfupa uliovunjika huwa na kinundu, mimi mwenyewe nilikigusa kwa mume wangu kila siku. Mguu huu ulikuwa laini. Nikatazama chini.

"Ile ya kwanza?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mbwa, shikulu, babu yangu. Nisamehe."

Akamtia kuku kwapani. Hakukasirika. "Kazi hii niliianza kijana. Kuku yangu yenye ilikufa ni moja tu, ya yule wa makasia. Zingine zote zinapona. Zamani nilifikiri ni dawa yangu."

Nikasema, "Na ya yule, kwa nini ilikufa?"

"Zinakufaka sana, mama. Yule hakuwa na muke wa kutafuta ingine."

Akashika njia ya gatini. Mume wangu akaita kutoka ndani, ambako alikuwa akisugua viatu vyake, "Mzee anasemaje?"

"Anasema umepona," nikamwambia.