Mwezi Usio na Hitilafu

Muhdhar alikuwa mtu wa salamu. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ungeambiwa katika lile jumba la mawe la barabara ya Ndia Kuu, ambako kampuni yake ya uwakala wa forodha ilikodi ghorofa mbili. Hakuwa akigusa kompyuta ya mtu kabla hajamsabahi, akamuuliza ameamkaje, na mamake miguu inaendeleaje, na yule mtoto homa imemwacha. Yote hayo yakishajibiwa ndipo angevuta kiti na kuuliza, "Haya, na hii nayo ina nini leo?" Vijana waliotoka bara walimcheka kidogo mwanzoni. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wakimsubiri aje awaulize.

Alizaliwa Kuze, mwendo wa kumaliza kikombe cha kahawa kutoka hapo, mwana wa mwalimu wa madrasa aliyetaka naye awe mwalimu. Badala yake akasomea kompyuta wakati ambapo nusu ya mtaa ilidhani ni kazi ya kupiga chapa. Kampuni ilimwajiri ilipokuwa na kompyuta mbili tu na feni moja. Nyaya zote zilizopita katika kuta zile yeye ndiye aliyezipitisha, maana kuta za matumbawe ni nene na humeza mtandao ukaishia mlangoni. Iliyokuwa stoo ya mchele aliigeuza chumba cha seva, akaitilia kipoza hewa, na akaizoea hivi kwamba mkewe Mwanaesha alikuwa akimtania kuwa ana mke mwenza mwenye baridi. Sasa alikuwa amepita miaka hamsini. Kazi nyingine hakuwahi kuwa nayo, na mtu wa umri wake akitoka mahali hapa, wa kumwajiri ni nani?

Basi wakubwa wakaamua kwamba zile programu za zamani, moja ya mizigo, moja ya hesabu, moja ya idhini za malipo, zimechoka na hazisikilizani. Wakataka mfumo mmoja. Wauzaji wakaja na suti zao na picha zao za ukutani, wakachujwa mpaka ikabaki mifumo miwili. Mmoja uliitwa Mizani. Huo ulishika kazi yote tangu mzigo unapotangazwa mpaka mteja anapolipa, na mitambo yake ilikaa Nairobi kwa wenyewe wauzaji, ambao wangeitazama na kuitengeneza wakiwa huko huko. Wa pili, Ufunguo, ulifanya kazi hiyo hiyo lakini ulikaa kwenye seva ya kampuni na ulihitaji mtu wake wa kuutunza hapo hapo.

Meneja wa uendeshaji, Bi Caroline, alimkabidhi Muhdhar kazi ya kuilinganisha. Wako watu ambao wangeupinda ulinganisho huo kidogo kuelekea tumboni mwao. Muhdhar hakuweza. Aliandika bei ya leseni, muda wa mafunzo, namna nakala zinavyohifadhiwa, na nini kitatokea mtandao ukikatika meli ikiwa bandarini. Ufunguo ulipokosea aliandika umekosea. Mwishowe ikawa karibu sawasawa.

Bi Caroline alisoma, akafunga mlango.

"Bwana Muhdhar, sitakuficha," alisema. "Limebaki jambo moja. Hitilafu. Mwezi huu tutakuwa na ukurasa wa majaribio kwenye kompyuta, kila mwenye shida aiandike humo. Zikiwa nyingi, nitawaambia wakubwa tunahitaji mtu hapa ndani, na tutachukua Ufunguo. Zikiwa chache, watu wa Nairobi watatosha. Hapo nafasi yako haitakuwepo."

"Nimekuelewa, Bi."

"Na aandike mwenye shida mwenyewe. Ukiandika wewe watasema unajipigia debe. Ukitaka kuwaeleza wenzako sababu, hiari ni yako."

Muhdhar alitoka pale nusura acheke. Hitilafu katika jumba hili? Hakuwahi kunywa chai yake ikingali moto. Mwezi wa kuandika tu, na ukurasa wenyewe ungemtetea.

Kwenye mkutano aliwaonyesha wenzake ule ukurasa, akawasihi waandike kila shida kabla ya kumwita. Sababu hakuisema. Aliifikia, akairuka. Mtu mzima asimame mbele ya watu awaambie, semeni mmeharibikiwa ili mimi nibaki na mkate? Aliona haya, akaketi.

Siku zikaenda. Bi Swafia wa nyaraka, mama aliyekuwa hapo kabla yake na aliyemwita mwanangu, alimpigia simu: printa imegoma na karani wa bandari anangoja. Muhdhar akapanda ngazi, akamwamkia, akatengeneza.

"Uandike basi kule, Bi Swafia."

"Taandika, mwanangu. Wewe nenda kanywe chai yako."

Nyevu wa hesabu, msichana kutoka Rabai mwenye cheko la karibu, alifungiwa nje ya mfumo akamfuata mpaka ukumbini, akamweleza kwa mnong'ono huku akitazama nyuma. Tarishi aliyeitwa Kiti ndiye aliyezidi. Yeye alikuwa akimkonyeza tu kutoka mlangoni, kisha anatangulia kumwonyesha kompyuta iliyozimika. Muhdhar alidhani ni mzaha wa Kiti. Alipanda na kushuka mwezi ule zaidi kuliko mwezi wowote, na kila alipomaliza aliwakumbusha, nao wakaitikia vizuri sana.

Ukurasa ulikuwa mtupu. Aliufungua akaufunga, akaufungua tena. Angeweza kuacha kutengeneza mpaka waandike, hilo Bi Caroline mwenyewe alimshauri. Lakini angemwachaje Bi Swafia na dawa za hospitali ya watu zimezuiwa bandarini kwa karatasi moja? Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye printa kabla moyo haujashauriana.

Nyumbani Mwanaesha alimwona anachokonoa wali.

"Waambie ukweli," alimwambia. "Wale watu wakupenda. Neno moja tu, wataandika mpaka vidole viwaume."

"Niwaombe, Mwanaesha?"

"Si kuomba huko. Ni kusema."

"Wakitaka kuandika wataandika," akasema. Moyoni alikuwa ameanza kuumia. Alidhani ni uvivu. Alidhani labda miaka yote hiyo salamu zake zilikuwa kelele tu masikioni mwao, na shida zao zikiisha nao hawamkumbuki. Hilo lilimchoma zaidi ya kazi yenyewe.

Mwezi ukaisha. Bi Caroline alimwita, na safari hii aliufunga mlango polepole. Ripoti ilikuwa mezani, ukurasa mmoja, na sehemu ya hitilafu haikuwa na kitu.

"Nilikuona kwa macho yangu ukipanda na kushuka," alisema. "Nimewaambia wakubwa hivyo. Wameniuliza, ziko wapi? Sikuwa na cha kuwaonyesha. Wamechukua Mizani."

Muhdhar alimshukuru. Ndivyo alivyolelewa, hata anayekuletea msiba humshukuru kwa kuja. Kisha akaenda akakaa katika chumba cha seva, akalia, na mvumo wa kipoza hewa ukamsitiri.

Siku ya kumuaga walitandika mkeka kwenye ukumbi wa juu. Kulikuwa na mahamri na mbaazi, halua, na kahawa ya tangawizi ambayo Kiti aliiendea mwenyewe Kibokoni. Nyevu alijaribu kusema maneno, machozi yakamshinda, akaishia kumpa kanzu iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Muhdhar alizunguka akimuaga mmoja mmoja, akiwauliza mama zao na watoto wao kama kawaida. Hakuwa na kinyongo cha kuonyesha. Alikuwa na donge tu.

Bi Swafia alimshika mkono akamvuta kando, dirishani.

"Ndoo kuno, mwanangu. Kuna jambo nataka ulijue kabla hujenda. Sisi tulikusitiri."

"Mlinisitiri vipi, Bi Swafia?"

"Ule ukurasa wao." Alishusha sauti. "Siku ya kwanza nalifungua niandike ile printa. Nikaona pauliza jina la fundi. Kuandika jina lako tu, pakatoka neno jekundu ubavuni mwake: haijatatuliwa. Nikashtuka. Nikasema, kumbe huu ni mtego. Wataka kumhesabia Muhdhar makosa wapate la kumtolea. Nikafuta. Nikawaendea wote, Nyevu, Kiti, wa tini na wa juu, nikawaapisha. Mwezi mzima, mwanangu, hakuna alokushitaki hata mmoja."

Alisema hayo na uso wake umenawiri, kama mtu aliyefanya wema mkubwa kwa siri na hakutaka kufa bila kuusema.

Sasa Muhdhar akaelewa. Kumbe haikuwa uvivu. Kumbe zile kope za Kiti na minong'ono ya Nyevu ilikuwa mapenzi, mapenzi matupu, na neno moja lake lingeyageuza yote, nalo alilimeza kwa haya. Wao walimficha, naye akawaficha. Lile donge la kudhani hawamjali likamwondoka, na pale lilipotoka pakauma mara mbili. Ukweli ulimfika ulimini. Akamtazama yule mama, mvi zake zikichungulia chini ya mtandio, akaona kwamba akiusema, Bi Swafia hatalala tena usingizi wa raha.

"Mola akulipe kheri," alisema.

"Basi mbona wamekutoa? Na sisi hatukusema kitu?"

"Ni mambo ya mitambo tu, Bi. Walishakata shauri tangu mwanzo. Mngeandika, msingeandika, ingekuwa hivi hivi."

Bi Swafia alipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Angalau sisi hatuna mkono wetu ndani yake."

"Hamna," Muhdhar alimjibu. "Hamna kabisa."