Kinyozi Asiye na Papara

Msuli wa mguu ukimkaza, kinyozi wetu huinua wembe na kutulia kama anayepima mstari wa nywele. Wateja husema fundi huyu hana papara. Mimi, kwenye kioo, huona taya likikaza na jasho likimtiririka.

"Tulia, kaka," huniambia, utadhani ninayetikisika ni mimi.

Mkewe anasema usiku nyayo humwaka moto, hata shuka kuzigusa hataki. Mchana huwa zimekufa ganzi. Leo fundi alitoka mlangoni kukung'uta kitambaa, akarudi na ndara moja tu mguuni.

"Fundi, ndara umeiacha nje," nikamwambia.

Akacheka. "Imenichoka."

Kisha, kabla ya kuifuata, akainama akatazama miguu yote miwili, ajue ni upi uko peku.